Watoto kwenye nyumba ya kando ya Kivu: niangalie nini?

MamaWatatu: Wapendwa, vakansi kubwa tunapeleka watoto (miaka 4, 7 na 10) kwenye kajumba kando ya ziwa, upande wa mji wa Sake, Kongo. Nikague nini kabla hatujalala humo?

Wa_Himbi: Mama, anza na mazuku, mengine yatangoja. Ni gesi ya kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, haionekani. Hujaa mashimoni kati ya mawe ya volkano, hasa usiku na alfajiri upepo ukilala. Wa miaka 4 yuko hatarini zaidi, pua yake iko chini. Walale kitandani, si mkekani. Ukiona ndege amekufa shimoni, usishuke. Mtu akianguka humo, anayemrukia bila kufikiri huanguka naye. Majirani wanajua sehemu zenyewe, waulize.

FundiBoti: Na mbabula (jiko la makaa) isiingie chumbani, hata kukiwa na baridi.

Jile (koti la kuelea majini) ya mtoto iwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Mfunge, kisha inua jile mabegani. Ikipanda hadi masikioni, ni kubwa mno, majini atachomoka. Bidoni tupu si jile, jamani!

MamaWatatu: Maji ya kunywa?

Wa_Himbi: Chuja kwa kitambaa, chemsha yatokote dakika nzima, funika.