Mazda RX-8, Lubumbashi: nifunge turbo ao niweke moteri ya 1JZ?

Kasapa_9000: Jambo yenu wote. Niko na Mazda RX-8 ya 2004, manueli ya vitesi sita, usukani kuume. Ilishukia Dar es Salaam, ikapita Tunduma, ikavuka Zambia mpaka Kasumbalesa. Huu ni mwaka wa pili niko nayo. Siku hizi imelegea, barabara ya Likasi hata Noah iliyojaa watu inanipita. Mkononi nina dola 1,800. Nifunge turbo, ao nitoe moteri niweke 1JZ ya Toyota? Wenye kujua mnisaidie, usingizi sina.

Fundi_Kamalondo: Kabla ya turbo, jibu moja tu. Ukitembea nayo ikapata moto, ukaizima, inawaka tena?

Tonton_504: Mzee wetu, alipokuwa Gécamines, kampuni ya madini, alikuwa na Peugeot 504. Kolwezi kwenda na kurudi, familia nzima ndani na magunia ya makala ya kupikia juu. Siku moja mpira wa radiatere ulipasuka karibu na Likasi. Mama akachana kikwembe, akaufunga, tukafika nyumbani usiku. Vijana wa sasa mnanunua kelele.

Mama_BelAir: Dola 1,800! Mwanangu, minervali, karo ya watoto, umelipa?

Kasapa_9000: Mama, watoto sina bado. Fundi, ndiyo, inawaka.

Fundi_Kamalondo: Nimeuliza ikiwa na moto.

Kasapa_9000: Ikiwa na moto inakawia kidogo. Ninaiegesha kwenye mteremko, vijana wa jirani wanasukuma. Lakini hiyo ni betri.

Fundi_Kamalondo: Betri haijui kama moteri ni baridi ao ya moto. Hiyo ni dalili ya mgandamizo wa hewa ndani ya moteri kuisha. Mafuta ya moteri unaongeza kila baada ya muda gani?

Kasapa_9000: Siongezi tena. Basi niseme yote. Zamani ilikuwa inakula mafuta sana. Fundi wangu akasema segema (ringi) za pistoni zimeisha, na segema hatukupata mjini. Akaziba tumipira tule tudogo tunaopeleka mafuta juu ya moteri. Tangu Machi haijala hata tone. Upande huo tulimaliza, ndiyo maana sikuandika.

Fundi_Kamalondo: Ee Mungu. Yaya, ile moteri haina pistoni, segema zitoke wapi? Ni rota mbili za pembe tatu, jumla sentimita mchemraba 1,308. Kwenye ncha za rota kuna sili zinazokwangua ukuta saa zote. Mazda wenyewe wameweka pampu inayotia mafuta kidogo kidogo mle ndani ili zile sili ziteleze, halafu yanaungua pamoja na esansi (petroli). Kula mafuta ndiyo uzima wake! Wanaoifunga ile pampu wanachanganya mafuta ya moteri za mapigo mawili ndani ya esansi. Wewe ulichanganya?

Kasapa_9000: Hapana. Lakini fundi wangu ana miaka 20 ya kazi.

Petit_Ruashi: Miaka 20 ya Corolla 😂 Uza, ununue pikipiki. Ikigoma unaisukuma peke yako, bila kulipa vijana.

Fundi_Kamalondo: Achana na turbo. Turbo juu ya sili zilizokauka ni kununua mazishi.

Kasapa_9000: Nimeshalipa nusu, dola 700, kwa mtu wa Ndola. Hawezi kurudisha. Na mimi nimeona video, inawezekana.

Mama_BelAir: Kumbe ulikuja kuomba baraka, si shauri.

Prof_Katuba: Wandugu, hizi ni bongo tupu, uongo mtupu. Mtu alale na RX-8 miaka miwili asijue haina pistoni? Gari ya mizunguko 9,000 kwa dakika ipitwe na Noah? Picha pia hakuna. Kasapa, bila kufungua intaneti: buji (plagi) ni ngapi, na unazifikia wapi?

Kasapa_9000: Maneno ya pistoni ni ya fundi, si yangu. Buji ni nne, mbili kila rota. Unatoa gurudumu la mbele la kushoto ndiyo mkono uingie vizuri. Niliungua pale, alama bado iko.

Prof_Katuba: Hata Google inajua hiyo.

Petit_Ruashi: Google haiungui mkono, Prof. Na hii rota si ya kuchekwa, 1991 Mazda 787B ilishinda mbio za Le Mans, rota nne. Lakini wale hawakufunga tumipira.

Tonton_504: 504 ilishinda Safari Rally pia, mjue.

Fundi_Kamalondo: Kasapa, bongo ao kweli, ilete Jumamosi. Tutatoa buji, tutaweka saa ya kupima mgandamizo, nitaondoa kivali chake ili sindano iruke bure. Kila rota ikizunguka mara moja iruke mara tatu, kila upande wa rota na mruko wake. Mmoja ukiwa dhaifu, pesa iliyobaki iende kufungua moteri, na yule wa Ndola umwombee heri. Mpaka hapo mtu asiguse kitu.

Kasapa_9000: Fundi wangu alianza jana jioni. Amenipigia sasa hivi, amefungua boloti zote za juu, anatafuta kulasi, kile kifuniko cha juu ya pistoni, aitoe, haioni. Nimwambie iko upande gani?