Wastaafu wa Ndege na Familia: safari ya kwa Mzee Kunja

JUMATATU

Mwajuma Katibu, 19:02
Habari za jioni wanakikosi. Nakumbusha tena, na hii ni mara ya tatu. Jumamosi tunakwenda Morogoro kumjulia hali Mzee Kunja. Mchango ni 30,000 kwa kichwa, tuma kwa mhazini. Mwisho Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Waliotuma mpaka sasa: mimi, Mama Neema, Bowza. Kikundi kina watu 41.

Bowza, 19:05
Dada Mwajuma mimi nimetuma nusu. Usiniweke na waliomaliza, watu watanikopa.

Mwajuma Katibu, 19:05
Sawa. Bowza nusu.

Maharage, 19:07
Hata enzi zile alikuwa anatujazia nusu 😂😂

Bowza, 19:08
Nilikuwa nakujazia mpaka shingoni. Ukifika juu na ndege unawasha moto wa nyuma wa injini ili wasichana wa kijijini wasikie, halafu unarudi na harufu ya mafuta tu. Unamlaumu dereva wa bowza.

Maharage, 19:08
Na walisikia 😎

Mwajuma Katibu, 19:10
Jamani. Mchango.

Dokta Plasta, 19:31
Mgonjwa anaendeleaje kwanza?

Rehema wa Mzee Kunja, 19:44
Shikamooni wazee wangu. Baba anaendelea vizuri kiasi. Kidonda cha mguu kimeanza kukauka, ila sukari bado inapanda na kushuka. Anatembea kwa fimbo, chooni anasindikizwa. Kila siku ananiuliza ni nani na nani wanakuja.

Mama Neema, 19:46
Marahaba mwanangu. Pole sana kwa kuuguza. Mwambie mama tunakuja.

Dokta Plasta, 19:47
Marahaba Rehema. Kidonda kisiloweshwe ovyo, na viatu vya kubana marufuku.

Tumbo, 19:58
*Imesambazwa mara nyingi*
SUKARI KWISHA KABISA!!! Chemsha majani ya mwarobaini na mizizi ya mlonge, kunywa asubuhi kabla ya kula, achana na sindano za hospitali. TUMA KWA WATU 10 UOKOE MAISHA

Dokta Plasta, 20:01
Tumbo futa hiyo. Rehema, Mzee asiache dawa zake hata siku moja.

Tumbo, 20:02
Mimi nimetumiwa tu na shemeji.

Maharage, 20:03
Huyu Dokta ndivyo alivyo. Alinishusha kwenye ndege siku ya gwaride kwa sababu ya mafua. MAFUA! Familia yote imekaa uwanjani inaangalia juu, mimi nipo kwa Dokta napuliziwa pua.

Dokta Plasta, 20:06
Ungeshuka na mafua yale kutoka mita elfu saba, ngoma ya sikio ingepasuka. Leo usingemsikia mkeo.

Maharage, 20:06
Kumbe ulininyima bahati 😭

Mwajuma Katibu, 20:10
Tukiwa hapo hapo: mwenye mafua asije kwa mgonjwa. Na mchango wake atume vile vile.

JUMANNE

Mwajuma Katibu, 08:15
Asubuhi njema. Usafiri. Kuna chaguo mbili, Coaster ya kukodi au treni ya SGR. Kwa Coaster tunaondoka Mbezi alfajiri, kwa treni tunashuka Morogoro na stesheni iko huko huko Kihonda kwa Mzee. Semeni.

Maharage, 08:40
Treni. Shingo yangu na Coaster hatuelewani. Miaka yote ile unavaa kofia nzito, unavuta G sita, yaani uzito wako mara sita, na hapo hapo unatakiwa ugeuke uangalie nani yuko mkiani mwako. Daktari akiangalia picha ya pingili zangu anauliza kama niliwahi kubeba magunia bandarini.

Tumbo, 08:52
Coaster tunasimama Chalinze kula.

Bowza, 08:53
Tumbo jina lako linakutosha.

Side Injini, 09:20
Nyinyi shingo. Mimi sikio la kushoto nililiacha kwenye F-6, ile ndege ya vita ya Kichina, injini mbili zinanguruma mita tatu kutoka kichwani, kila siku ya Mungu. Rubani ana kofia, fundi ana pamba. Mzee Kunja naye hasikii vizuri, mkienda mpazeni sauti.

Mwajuma Katibu, 09:22
Tukienda, Side. Na wewe unakwenda.

Side Injini, 09:25
Inategemea na wanaokwenda.

Mwajuma Katibu, 09:25
Side tafadhali. Tusianze.

Side Injini, 09:31
Sijaanza mimi. Nauliza tu kama yule mheshimiwa yupo kwenye orodha. Kwenye picha ya kumbukumbu walisimama marubani sita na ndege nyuma yao. Nani alikuwa nyuma ya ndege? Mzee Kunja, parachuti mkononi, alifukuzwa kwenye picha kwa sababu ovaroli ilikuwa na grisi.

Bowza, 09:33
Na mimi nilikuwa nyuma ya bowza 🙋🏾‍♂️

Maharage, 09:36
Picha ile hata mimi simo, nilikuwa na tumbo.

Mama Neema, 09:37
Ndipo ulipopewa hilo jina?

Maharage, 09:41
Shemeji hadithi ndefu. Jikoni walikatazwa kupika maharage siku ya kuruka, maana hewa ya tumboni inapanuka kadiri unavyopanda. Siku hiyo mpishi mgeni. Mimi nikala sahani mbili. Nilipofika juu, kila nikikata kona ile suruali ya rubani inayojaa hewa inabana huku, tumbo linasukuma kule. Nikaomba kurudi. Mwajuma yuko mnarani ananiuliza kwenye redio, "Taja hitilafu."

Mwajuma Katibu, 09:42
Akajibu "Hitilafu ni ya rubani." Nimeandika kwa mkono wangu kwenye kitabu cha mnara.

Bowza, 09:42
😂😂😂😂

Tumbo, 09:43
Nimecheka mpaka mke wangu kaja kuangalia.

Mwajuma Katibu, 09:50
Basi turudi. Treni au Coaster?

Mwajuma Katibu, 11:30
Treni au Coaster?

Mwajuma Katibu, 14:05
Watu 41. Treni. Au. Coaster.

Bakari Mwanza, 16:48
Huyo Mwajuma aliyekuwa akitusomea urefu kwa futi na ndege zetu za Kichina zinasoma mita? Habari za siku nyingi dada!

Mwajuma Katibu, 16:50
Nzuri Bakari. Ndiye mimi. Nilikuwa na karatasi nimeibandika mezani, mita kwenda futi. Mnara wa Dar unasema futi, nyinyi huko juu mnasoma mita, katikati niko mimi na penseli. Unakuja Jumamosi?

Maharage, 16:53
Na ndege tulifundishwa vivyo hivyo. Mwalimu anasema Kichina, mkalimani anatoa Kiingereza, sisi wenyewe tunaulizana kwa Kiswahili, "Kasema tuvute au tusukume?"

Bakari Mwanza, 16:55
Huku Mwanza swala wa kisiwa cha Saanane bado wanasubiri fidia ya 1979 😄

Maharage, 16:56
Wamwendee Gaddafi, bomu lile la kwake. Alilenga mji akaua swala.

Mwajuma Katibu, 16:58
Bakari. Unakuja au huji?

JUMATANO

Mwajuma Katibu, 07:00
Waliotuma: mimi, Mama Neema, Dokta, Maharage, Tumbo, Bowza nusu. Kwa kuwa hakuna aliyejibu isipokuwa shingo ya Maharage, nimeamua treni.

Tumbo, 07:20
Sasa Chalinze?

Mama Neema, 09:10
Naomba niseme kidogo. Novemba 1978 mume wangu alipoitwa usiku, hatukuambiwa anakwenda wapi wala atarudi lini. Hotuba ya Mwalimu tulisikiliza redioni kwa Mzee Kunja, nyumba yetu haikuwa na redio. Mkewe aliniletea unga na mafuta ya taa mpaka vita vya Kagera vikaisha. Mzee Kunja naye hakuwepo, alikuwa kambini analala chini ya bawa, lakini alimwachia mkewe maneno kwamba nyumba ya rubani isilale njaa. Nakwenda hata kwa miguu.

Dokta Plasta, 09:14
🙏🏾

Bowza, 09:15
Kweli tupu shemeji.

Side Injini, 09:40
Umesema shemeji. Huyo Kunja ndiye mtu aliyelala mahabusu siku kumi na nne kwa kosa lisilo lake, na anayejua kosa la nani yumo humu kikundini. Anasoma. Tiki za buluu naziona.

Mwajuma Katibu, 09:41
Side.

Side Injini, 09:47
Miaka arobaini, Mwajuma! Kunja alikunja maparachuti ya breki, yale ya kupunguza mbio ndege ikitua, kabla wengine hatujajua hata upande wa mbele wa ndege. Kamba kwa kamba, kitambaa kwa kitambaa, anahesabu kwa sauti, ukimsalimia katikati anakunjua anaanza upya. Halafu mtu anatua mbio, anafungua mwavuli kabla ya wakati, unang'oka, ndege inaishia kwenye nyasi, na ripoti inasema "umekunjwa vibaya." Baada ya hapo hakupanda cheo tena mpaka anastaafu.

Tumbo, 09:49
Lakini nyasi zile zilikuwa ndefu kwelikweli, tuliwahi kukamata kanga humo 😄

Maharage, 09:50
Tumbo siyo sasa.

Dokta Plasta, 09:55
Mimi ndiye niliyemtoa Kipanga kwenye kiti cha rubani siku ile. Alikuwa anatetemeka. Umri wake miaka 26. Naomba hilo nalo liandikwe.

Side Injini, 09:57
Na Kunja alikuwa na watoto wanne. Liandikwe pia.

Maharage, 10:02
*Ujumbe huu umefutwa*

Bowza, 10:03
Nimeuona kabla hujafuta. Vizuri umefuta.

Rehema wa Mzee Kunja, 12:30
Shikamooni. Samahani wazee wangu, mimi nimo humu na nasoma. Baba hajawahi kutueleza hayo. Kuna jambo nauliza kuhusu Jumamosi: kliniki yake imehamishiwa Jumamosi hiyo hiyo asubuhi, tutarudi nyumbani kama saa saba. Treni yenu inafika saa ngapi?

Mwajuma Katibu, 12:34
Marahaba mwanangu. Pole, hukupaswa kuyasoma hivi. Nilipanga treni ya asubuhi. Ngoja niangalie ya baadaye.

Mjukuu wa Kanali, 20:15
Shikamooni. Mimi ni mjukuu wake Kanali, natumia simu yake. Babu macho yamepungua, kwa hiyo jioni hii nimemsomea meseji zote tangu Jumatatu, hata za maharage. Amesema niandike maneno yake nisiongeze wala nisipunguze. Naandika:

"Asubuhi, kabla ndege ya kwanza haijaruka, tulijipanga bega kwa bega tukatembea njia nzima ya kurukia tukiokota mawe na nati, kwa sababu jiwe moja likimezwa na injini linaua. Rubani, fundi, mpishi, na mimi. Hakuna aliyeuliza nani ana nyota begani.

Siku inayosemwa nilikuwa mnarani, Mwajuma yuko pembeni yangu. Niliona mwavuli ukitoka, na niliona magurudumu yako wapi ulipotoka. Yalikuwa bado hewani. Mkunjo haukuwa na kosa.

Side, umesema ya kutosha. Usiseme tena.

Kipanga, Kunja anauliza nani anakuja. Mimi siwezi kusafiri. Utakwenda badala yangu."

Mwisho wa maneno ya Babu.

Mama Neema, 20:19
Shikamoo Kanali.

Dokta Plasta, 20:20
Shikamoo afande.

Bowza, 20:20
Shikamoo afande.

Mwajuma Katibu, 20:26
Shikamoo Mzee. Tumesikia.

Side Injini, 21:50
Shikamoo afande.

ALHAMISI

Kipanga, 05:12
Nimetuma 45,000 kwa mhazini. Yangu na nusu ya Bowza.

Bowza, 06:30
Ahsante kaka. Mungu akuzidishie.

Mwajuma Katibu, 06:41
Imefika. Kipanga, nikuweke kwenye orodha ya mchango tu au ya safari?

Mwajuma Katibu, 07:30
Kipanga?

Maharage, 07:44
Mpe muda. Huyu hata kwenye redio alikuwa anajibu akishatua.

Mwajuma Katibu, 07:45
Tiketi haina muda.

Dokta Plasta, 08:10
Nimeongea naye kwa simu. Anauliza kama Mzee Kunja amejua kwamba ameambiwa aende. Nimemwambia sijui.

Rehema wa Mzee Kunja, 08:22
Shikamooni. Sijamwambia. Nimwambie?

Mama Neema, 08:23
Usimwambie.

Dokta Plasta, 08:23
Mwambie.

Side Injini, 08:31
Nimekatazwa kusema.

Maharage, 08:31
😂 Amri ni amri

Mwajuma Katibu, 09:05
Sikilizeni. Treni ya asubuhi nimeiacha kwa ajili ya kliniki. Ya mchana tutafika kwa Mzee jioni, tukae naye kama saa moja, turudi na ya usiku kama nafasi ipo. Ya kurudi bado sijaipata. Mwenye ndugu Morogoro wa kutulaza watu kumi na wawili aseme.

Tumbo, 09:09
Kwa Coaster tungerudi saa yoyote.

Mwajuma Katibu, 09:10
Tumbo!

Side Injini, 09:24
Mchango wangu nimetuma. Kiti changu kisiwe karibu na cha mtu fulani. Hapo sijasema kitu afande.

Mwajuma Katibu, 09:40
Nimeandika majina kumi na moja. Tiketi inataka jina na namba ya kitambulisho, siwezi kuandika "badala ya Kanali." Kiti cha kumi na mbili nakishikilia mpaka saa sita. Kipanga, namba ya kitambulisho, inbox.

Mwajuma Katibu, 11:52
Kipanga, dakika nane.

Bakari Mwanza, 11:58
Samahani jamani, mtandao wa huku ulikuwa chini. Kwani safari ya wapi?