Maji ya mvua yanatuama uani na ukuta umeanza kunyonya unyevu. Mtaro tuuchimbe wapi?

Mleta mada

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mawazo yenu kabla hatujalipa mtu wa kuchimba.

Tulihamia shambani mwaka juzi. Nyumba ipo chini ya mteremko, na huu ni msimu wa pili wa mvua tunahangaika. Ikinyesha saa moja tu, uani kwa nyuma panakuwa bwawa. Maji yanakaa siku tatu, nne, mpaka yanaota ukijani. Kutoka jikoni kwenda bafuni tumepanga matofali ya kukanyagia, na wiki iliyopita mama mkwe aliteleza kwenye tofali la tatu akiwa na ndoo mkononi. Hakuvunjika, ila goti limevimba na sasa giza likiingia hataki kutoka nje peke yake. Hilo ndilo lililonifanya niandike.

Ukuta wa nyuma nao una mstari wa unyevu, kama shubiri moja kutoka chini. Juu ya mstari kuna chumvi nyeupe, na ukigusa plasta inabaki mkononi kama unga. Mbuzi wawili wanachechemea. Watoto wanaenda shule viatu vikiwa mkononi mpaka wafike barabara kubwa.

Fundi aliyekuja kutazama alisema tuchimbe mtaro katikati ya ua, pale panapotuama zaidi, tuupeleke mpaka kwenye mpaka wa jirani. Mume wangu amekubali, mimi roho inasita. Udongo ni mfinyanzi, ukikauka unapasuka, ukilowa unang'ang'ania jembe. Kisima kipo upande wa chini, mita kama 20 kutoka chooni. Tuanzie wapi?

Mchangiaji wa kwanza

Pole sana dada, na mpe pole mama.

Roho yako inasita kwa haki. Pale panapotuama ni mahali maji yanapoishia, siyo yanapotokea. Ukichimba hapo utapata bwawa refu badala ya bwawa pana. Kabla ya jembe lolote, jueni maji yanaingia kwa njia gani, kwa sababu kila njia ina dawa yake.

Kuna maji ya paa. Kuna yanayoteremka kutoka juu ya shamba. Na kuna yanayopanda kutoka chini ya ardhi, ambayo utayajua kwa kuwa ua unabaki na majimaji hata wiki nzima bila mvua.

Mvua ijayo, ikianza tu, vaa buti utoke. Beba vijiti kumi na vipande vya kitambaa. Kila unapoona maji yanaingia kwenye ua, chomeka kijiti. Usingoje ikatike, dakika 20 za mwanzo ndizo zinazoonyesha njia, baada ya hapo kila kitu kinakuwa ziwa huwezi kujua lipi limetoka wapi. Kisha urudi utuambie.

Mchangiaji wa pili

Naunga mkono hapo juu. Nimechimba mitaro miaka mingi na kosa ninaloitwa kurekebisha ni hilohilo la kuchimba kwenye dimbwi.

Nyongeza kuhusu paa, maana watu hulidharau. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Kama bati lenu ni mita 12 kwa 8, mvua ya milimita 25 inawamwagia lita 2,400 kwenye msingi, na bila gata nusu yake inaangukia upande wa nyuma. Tazama ardhi chini ya ukingo wa bati: ukiona mfereji mdogo wenye vijiwe vilivyooshwa vikawa vyeupe, paa linahusika.

Ardhi inayouzunguka ukuta lazima iinamie nje. Kipimo ninachotumia ni kushuka sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza. Hapo unajaza udongo na kushindilia, tena mfinyanzi wenu unafaa kwa kazi hii kwa sababu haupitishi maji haraka. Angalizo moja: usipandishe udongo ukafunika ule utando wa kuzuia unyevu uliopo juu ya msingi, ukuta utanyonya zaidi ya sasa.

Mteremko wa mtaro msiukadirie kwa macho. Chukueni mpira mwembamba unaopitisha mwanga, mita 10 au zaidi, mjaze maji, mtoe mapovu yote. Mmoja ashike ncha huku, mwingine kule. Maji yakitulia, pande zote mbili yako usawa mmoja, hata kama katikati kuna kichuguu. Toka hapo shusha angalau sentimita 1 kwa kila mita 1. Pungufu ya hapo matope yanalala ndani, na mtaro ukizidi sana mteremko nao unakula kingo zake.

Mchangiaji wa tatu

Kumwelekezea jirani maji yenu ni kununua ugomvi. Yaliyokuwa yakisambaa yenyewe ni jambo moja, ila ukiyakusanya kwenye mtaro na kumtolea mahali pamoja yanafika na nguvu nyingine kabisa. Kaeni naye kabla, mwende naye shambani muone pamoja yanapoweza kupita.

Mchangiaji wa nne

Samahani, nyote mmepita kwenye kisima kama hakipo, mimi ndicho kilichonishtua.

Dada, mita 20 ni karibu. Umbali unaoshauriwa sana ni mita 30 kati ya choo cha shimo na kisima, na kisima kiwe upande wa juu. Chenu kipo chini. Ua ukijaa, maji yanapita juu ya choo na kuteremkia kisimani. Kwa sasa chemsheni maji yote ya kunywa mpaka yatokote kabisa, angalau dakika 1, na kama mnaishi juu sana, zaidi ya mita 2,000, iwe dakika 3. Hata yakionekana masafi kama kioo. Mdomo wa kisima ujengewe ukuta na sakafu ya zege inayoinamia nje, na kifuniko kisichopitisha.

Maji ya kijani usiyaone kama ubaya wa macho tu. Kwenye joto, yai la mbu linaweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku 7 hadi 10, kwa hiyo dimbwi la siku nne likinyeshewa tena kabla halijakauka, mnafuga mbu. Na bibi asingoje mtaro: wekeni kokoto nene kwenye njia ya bafuni na kamba imara ya kushika pembeni, leo.

Mchangiaji wa tano

Mbuzi: kagua katikati ya kwato. Ukikuta panatoa harufu mbaya na ngozi imelainika, ni kuoza kwato, mwite daktari wa mifugo. Sakafu ya banda inyanyuliwe, dawa pekee haitasaidia wakisimama kwenye tope.

Mleta mada

Nimerudi. Imenyesha jana alasiri na nimetoka na vijiti kama nilivyoelekezwa.

Vijiti viwili tu viliishia chini ya bati. Vijiti sita vyote vimejipanga sehemu moja, pale njia ya miguu inaposhuka kutoka kwenye malisho ya juu. Sikuwahi kuiona ile njia kama mto. Imekanyagwa miaka mingi mpaka imezama chini ya ardhi ya pembeni, na maji yalikuwa yakija nayo kifuani mwa ua, mekundu, yamebeba majani. Ndani ya dakika 15 yalikuwa yamefika kwenye ukuta. Mume wangu alisimama mlangoni akitazama, akasema mwenyewe kwamba katikati ya ua hatuchimbi.

Kamba tumefunga, na bibi ameshaipitia mara mbili. Maji tunachemsha.

Sasa naomba msaada: tunayakingaje huko juu? Kuna aliyetuambia tuweke bomba lenye matundu na kokoto juu yake.

Mchangiaji wa pili

Kazi nzuri sana hiyo dada.

Bomba la matundu na kokoto ni zuri kwa maji yanayotembea ndani ya udongo. Ya kwenu yanakuja juu ya ardhi na yamebeba tope, tena ni mfinyanzi. Hata ukilizungushia kitambaa cha kuchuja, litaziba na hutajua limezibia wapi mpaka ulifukue. Chimbeni kingamaji la wazi, yaani mtaro wa kukinga maji, mita kama 10 juu ya nyumba, likatize njia ile na kupinda kuelekea upande usio na kisima wala choo. Kina cha sentimita 40 hadi 50, kingo zilale, zisisimame wima. Udongo mnaotoa utupeni upande wa chini uwe tuta, mpande nyasi zenye mizizi mirefu. Vetiva inafaa, mizizi yake inakwenda chini mita 2 hadi 3 na haitambai kuvamia shamba.

Linapokatiza njia ya watu wekeni kalavati au mawe bapa, la sivyo wapita njia watalifukia kwa miguu ndani ya mwezi.

Mchangiaji wa kwanza

Mdomo wa kutokea nao mupange mawe, maji yakitoka hapo yanachimba korongo. Na kama mnafikiria shimo la kunyonya maji, lijaribu kwanza: chimba kishimo cha sentimita 30, jaza maji, yakiisha jaza tena, kisha pima yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka chini ya sentimita 2 au 3 udongo wenu hauwezi, msipoteze nguvu.

Mleta mada

Tumejaribu kishimo asubuhi. Saa nzima, hata sentimita 1 haikufika. Shimo la kunyonya tumeliacha.

Jirani amekuja, tumepanda naye juu. Anasema chini ya shamba lake kuna mkondo wa asili ambao zamani ulipokea maji ya mteremko wote, umejaa vichaka tu. Amekubali tuusafishe pamoja Jumamosi, na kingamaji limwage maji huko. Gata za nyuma mume wangu amepima leo. Plasta je, niibandue sasa nipige upya?

Mchangiaji wa pili

Ibandue ile iliyolegea tu, ukuta upumue. Mpya usiipige mpaka ukuta ukauke, na inaweza kuchukua miezi. Ukipiga sasa, chumvi itaisukuma tena.