Mwendesha mashtaka kakamatwa, mnashangilia. Mafaili yetu je?

Jamani, mji wetu huu wa mpakani hapa Uganda ni vigelegele tu. Mkubwa wa waendesha mashtaka wa hapa kanaswa na noti za hongo zilizotiwa alama, kapandishwa pikapu mchana kweupe, na kila mwenye simu anarusha picha. Mimi sishangilii. Nitukaneni.

Huyu bwana tulimjua akija kortini kwa boda, tai ileile kila siku. Alikuwa mkali kweli, wezi wa ng'ombe walimwogopa kuliko hakimu. Akapanda cheo, akawa ndiye anayeamua faili lipi liende kortini na lipi lirudi polisi kwa uchunguzi zaidi. Hapo ndipo duka lilipofunguliwa. Tapeli alikula pesa za mahindi ya mama yangu, ushahidi upo, risiti zipo. Faili likarudi polisi, likatoka, likarudi tena, hadi afande akaninong'oneza: mkuu anataka chai. Mama hakutoa. Tapeli alitoa. Mashtaka yakaondolewa, na leo ana duka la jumla karibu na stendi, ananisalimia kwa jina!

Na sisi ndio wenye nafuu. Kuna vijana walikaa mahabusu kwa sababu ndugu zao hawakuwa na cha kutoa. Katiba imeweka wazi: ukikaa rumande siku 60 bila kesi kuanza, au 180 kabla kesi haijapelekwa Mahakama Kuu kama ni kosa la mahakama hiyo peke yake, uachiwe kwa dhamana. Nani aliwaambia?

Ibara ya 120 ya Katiba inampa DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, nguvu ya kuagiza polisi wachunguze, kufungua kesi, hata kuifuta kabla ya hukumu, na maofisa wa chini yake wanatumia zile mbili za kwanza kwa niaba yake; kufuta ni kwake mwenyewe, ila wao wanaweza kuondoa shtaka kwa hakimu kwa idhini ya mahakama au agizo la DPP. Basi aliyefuta kwa hongo akishakamatwa, alivyovifuta navyo vikaguliwe. Sheria haizuii: shtaka lililoondolewa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea linaweza kufunguliwa upya. Lakini hapa atashtakiwa kwa zile noti za siku moja tu, mambo yakaisha.

Najua atatokea mtu aseme mishahara yao midogo. Ni kweli, mwaka 2017 waligoma nchi nzima na mimi niliwatetea. Lakini Joan Kagezi naye alikuwa mwendesha mashtaka wa Uganda hii hii. Alishika kesi ya mabomu ya Julai 2010 yaliyoua watu zaidi ya 70 Kampala, wakamuua kwa risasi Kiwatule, kitongoji cha Kampala, tarehe 30 Machi 2015, watoto wake wakiwa ndani ya gari. Mmoja wa waliohusika kakiri na kufungwa miaka 35 mwaka 2025, miaka kumi baadaye. Halafu huyu wetu anauza faili la mahindi!

Wenye kesi zilizopita mezani kwake, tafuteni namba zenu za CRB (namba ya kesi pale polisi) na nakala za mashtaka. Majina msiweke hapa, nitumieni faragha. Tunaandika barua moja kwenda kwa DPP, tukiomba kila faili alilolifuta lipitiwe na mtu kutoka nje ya wilaya hii. Wa "tumwachie Mungu", pita kimya kimya.