Mjadala: Je, ni wajibu wa mnunuzi kujua mbao za kitanda chake zilitoka msitu gani?

Mleta mada:
Ndugu wanajamvi, salaam. Natafuta kitanda, meza ya chakula na kabati la vyombo kwa ajili ya vyumba viwili ninavyopanga Dar es Salaam. Kwa wiki tatu nimezunguka karakana za Keko nikiuliza swali ambalo mafundi wengi wamelicheka: mbao hizi zimetoka wapi? Hunijibu kuwa ni za Tabora, na nikiomba kuona hati ya kuzisafirishia, mazungumzo huhamia kwenye bei.

Siulizi kwa ubishi. Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, njia ya kwenda kwenye misitu ya kusini ilirahisika, na uvunaji ukaenda mbio kuliko usimamizi. Ripoti ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ilionyesha kuwa hadi asilimia 96 ya mapato ya mbao yaliyostahili kukusanywa na serikali kuu na wilaya yalikuwa yakipotea. Mninga huhitaji miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao, nasi tunaufanya kitanda bila kuuliza lolote. Hoja yangu ni kwamba mnunuzi asijifiche nyuma ya serikali: asiyeuliza anashiriki.

Mchangiaji wa kwanza (seremala):
Ndugu mleta mada, mimi ni fundi wa Keko na huenda ni mmoja wa waliokucheka, lakini sikukudharau. Hati ya kusafirishia huandikwa kwa shehena nzima ya lori. Lori likifika mjini, hati hubaki kwa mwenye yadi, nami ninayenunua mbao sita kwa arubuni ya mteja huondoka na risiti iliyoandikwa kwa mkono, pengine hata hiyo sipati. Ukinibana nikuonyeshe karatasi ambayo haijawahi kufika mkononi mwangu, unanifundisha kukudanganya. Kauliza yadi. Wajibu uanze kwa yule mwenye karatasi, na kwa maofisa wa Wakala wa Huduma za Misitu wanaoweza kuikagua, kabla ya kumfikia mwenye randa.

Mchangiaji wa pili:
Mimi natoka Mufindi, na naona mnahangaika bure. Paini ya Sao Hill, shamba la miti la serikali huku kwetu, hupandwa, huvunwa na kupandwa tena, na bei yake iko chini sana ya mninga. Watu huikimbia kwa sababu waliuziwa mbao mbichi zikajikunja, au zisizotiwa dawa zikaliwa na bungua, kisha wakaulaumu mti. Chagua mbao zilizokauka, zenye vifundo vichache, na uhakikishe zimetiwa dawa kabla ya vanishi. Jihadhari pia na paini inayopakwa rangi ikauzwa kwa bei ya mninga: inua kitanda uone uzito wake, halafu kwangua kidogo upande wa chini usioonekana.

Mchangiaji wa tatu:
Nunueni vilivyotumika. Meza yangu ya mkongo niliipata kwa mtu aliyekuwa anahama, nikaipiga msasa mwenyewe.

Mchangiaji wa nne:
Naomba kumpinga ndugu wa Mufindi, kwa heshima. Nimekulia Kilwa. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya huko, Kikole ikiwa mojawapo, ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kuwa msitu unavunwa kwa uangalifu. Kijiji kinachohifadhi msitu wake kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kinaweza kuuza miti michache kwa mpango, kikabaki na mapato yake. Sasa kila mtu mwenye dhamira njema akihamia kwenye paini, kijiji kitabaki na msitu usio na mnunuzi, na jirani yake ni shamba la ufuta linaloleta fedha kila msimu. Msitu huo utafyekwa, tena bila msumeno wa mwizi. Nakiri udhaifu mmoja: mbao hizo zikishapangwa yadi pamoja na zile za magendo, macho hayawezi kuzitenganisha.

Mleta mada:
Nimesoma nyote, na neno langu kwamba asiyeuliza anashiriki lilikuwa kali mno kwa mtu anayetafuta tu mahali pa kulala. Kitanda kitakuwa cha paini, na meza nitaitafuta kwa wanaohama. Ila sikubaliani na fundi kwamba yeye hahusiki. Yeye hununua yadi kila wiki, mimi nitanunua mara moja katika miaka kumi. Mwenye yadi atamsikiliza nani? Kwa kabati bado nautaka mninga, ukiwa wa kijiji kama kile cha Kilwa. Kwa hiyo, fundi, nakuomba Jumamosi twende yadi pamoja, tuione hiyo hati kabla sijakupa arubuni. Isipopatikana, kabati nalo litakuwa la paini.

Mchangiaji wa kwanza (seremala):
Njoo saa mbili asubuhi, kabla malori hayajaanza kushusha. Nauli ya bajaji ni juu yako.