Noah SR40 inawasha taa ya oili na inagonga: pampu, beringi, ovahoo au injini ya mtumba?

noah_ya_kimara
Wakuu heshima kwenu. Nina Toyota Noah SR40 ya 1998, injini 3S-FE ya petroli. Dashibodi inasoma kilomita 287,000, ila sitaapa kwamba haijachezewa. Asubuhi inapeleka watoto shule, Jumamosi inabeba mzigo wa mama watoto.

Miezi miwili sasa, nikikaa kwenye foleni ya Ubungo na injini ikishapata moto, taa nyekundu ya oili inapepesa kwenye sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta). Nikikanyaga kidogo tu inazima. Wiki mbili zilizopita nilienda msibani Iringa. Pale Kitonga napanda kwa gia nzito, injini inalia, taa ikawaka na ikabaki imewaka. Nikasimama pembeni dakika kumi hivi, nikawasha, taa haipo, nikafika salama. Tangu siku hiyo kuna tok tok tok chini ya injini inayofuata mzunguko. Juu kuna tik tik ndogo, lakini hiyo ipo tangu nimenunua gari.

Nimeona mafundi watatu. Wa kwanza kasema weka oili nzito namba 40 na dawa, taa itazima. Wa pili kasema pampu. Wa tatu kasikiliza nusu dakika, kasema injini imekufa, na kuna injini ya mtumba kutoka Japani kwa jamaa yake, milioni 2.3 na kufunga. Mwingine kwa simu kaniambia ovahoo, yaani kufumua injini na kubadilisha vilivyochakaa, milioni 1.6. Hakuna hata mmoja aliyefunga geji ya kupima presha ya oili. Nianze wapi?

Mzee Kipara
Anza kwa kupaki. Mlio wa chini ukiwa na taa ya oili si wa kuendea nao sokoni. Halafu jibu: kijiti cha oili kinasoma wapi, na oili ulimwaga lini?

noah_ya_kimara
Kijiti kipo katikati ya alama mbili. Nilimwaga kilomita 4,000 zilizopita, 20W-50. Hainuki petroli.

bintiwafundi
Umeeleza dalili mbili tofauti na mafundi wako wamesikia moja.

Taa inayopepesa kwenye sailensa injini ikiwa moto, kisha inazima ukikanyaga, mara nyingi ni nafasi kwenye beringi imekuwa kubwa au oili imekuwa nyepesi. Oili inavuja pembeni ya beringi haraka kuliko pampu inavyoleta. Lakini taa inayowaka mzunguko ukiwa juu, halafu inapona yenyewe ukizima na kusubiri, hiyo ni habari nyingine. Pampu inataka kunyonya oili nyingi na hainyonyi. Kwenye foleni pampu inataka kidogo, mlimani inataka sana, na strena (wavu unaochuja oili kabla ya pampu) iliyoziba inakuwa kama kunywa uji mzito kwa mrija. Ukizima, uchafu unadondoka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), njia inafunguka kwa muda. Kwa hiyo Kitonga ndiyo inayonipa shaka, kuliko Ubungo.

Sasa geji. Chomoa swichi ya oili (ndiyo inayowasha ile taa), funga geji ya mkono mahali pake. Tahadhari: uzi wa swichi ya Toyota ni moja ya nane ya BSPT (uzi wa Kiingereza), nyuzi 28 kwa inchi. Geji nyingi za dukani zinakuja na uzi wa Kimarekani wenye 27. Utaingia mizunguko miwili kisha utaharibu tundu. Tafuta adapta. Pasha injini hadi ipate moto kabisa, ndipo usome. Kwa 3S-FE, kitabu cha Toyota kinataka presha ya angalau psi 4.3 kwenye sailensa, na kati ya 36 na 71 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Ndiyo, 4.3 ni ndogo hivyo. Ikisoma vizuri na taa bado inawaka, umepona kwa bei ya swichi.

Mzigo Mzito
Dada umesema mengi. Mimi nina Noah ya kubebea nyanya, niliweka 40 tupu na chupa mbili za dawa, huu mwaka wa pili taa sijaiona. Mnapenda kufungua injini za watu.

Mzee Kipara
Taa yako imezima kwa sababu oili nzito inavuja polepole kwenye beringi iliyokwisha. Nafasi haijapungua hata unywele. Na hiyo 40 tupu asubuhi ya baridi inachelewa kufika juu. Kama mpango ni kuuza gari mwezi ujao, sema wazi tujue.

Mzigo Mzito
Nyanya zinafika sokoni mzee wangu.

grogan_boy
Niko Nairobi, nilipitia haya na Noah yangu nikachagua injini ya mtumba. Faida yake ni siku mbili na uko barabarani. Lakini unanunua maisha ya mtu mwingine usiyoyajua. Yangu ya kwanza, muuzaji aliiwasha ikiwa baridi, ikaimba kama cherehani. Nilipoiweka na kuipasha moto, presha ilikuwa chini kuliko ile niliyotoa! Makanika wangu sasa hanunui bila kufungua sampu pale pale dukani, aone rangi ya oili na kama kuna vumbi la shaba, dalili ya beringi kuliwa. Muuzaji akikataa, anaondoka.

Pia kuna makaratasi. Kwetu namba ya injini iko kwenye logbook (kadi ya gari), ukibadilisha unapitia NTSA, mamlaka ya usafiri. Huko kwenu nadhani ni TRA, mamlaka ya mapato. Weka gharama na muda huo kwenye hesabu, maana mafundi hawautaji kamwe.

mtaa_wa_meru
Nami niseme la ovahoo kabla hujatoa hiyo milioni 1.6. Uliza imejumuisha nini. Nilifanyiwa ovahoo ambayo ilikuwa ringi za pistoni, gasketi na beringi mpya, basi. Krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, haikupimwa. Ilikuwa imeshaliwa upande mmoja, wakafunga beringi za saizi ya kawaida, na baada ya miezi mitatu tok tok ikarudi. Krenki ikiwa na michirizi inasagwa, halafu unanunua beringi nene zaidi za kuziba kilichosagwa, milimita 0.25 kwa mfano. Fundi asiyekuwa na maikromita anabahatisha kwa pesa yako. Na kama injini hainywi oili wala haitoi moshi wa bluu, ringi zako zinakukosea nini?

bintiwafundi
Sahihi kabisa. Mwenye mada, fanya na hili ukiwa na geji: injini ikiwa sailensa, mtu achomoe waya wa plagi moja moja kwa koleo lenye mpira, sekunde chache tu kila mmoja. Tok tok ikififia kwenye silinda fulani, ni bigi endi ya hapo, yaani beringi ya mguu wa pistoni unaposhika krenki. Isipobadilika, weka bisibisi ndefu sikioni usikilize sehemu nyingine. Hiyo tik tik ya juu iache kwanza. 3S-FE haina tapeti za oili zinazojirekebisha zenyewe, nafasi ya valvu inarekebishwa kwa vipande vya chuma vya unene tofauti, kwa hiyo inaweza kupiga kelele miaka na presha ikiwa nzima.

Kuhusu pampu: kwenye injini hii inazungushwa na taimingi belti. Ukiamua kuigusa, belti na sili zake unabadilisha hapo hapo, la sivyo utalipa kazi ile ile mara mbili. Ila usinunue pampu kabla hujaona strena.

noah_ya_kimara
Wakuu nimerudi. Adapta nimeipata Gerezani baada ya kuzunguka maduka manne. Geji ikiwa moto: sailensa psi 5, mizunguko 3,000 ilianza 27 na nikishikilia inashuka taratibu hadi 18. Waya wa plagi ya tatu ukichomolewa, tok tok inapungua sana.

bintiwafundi
Inashuka ukishikilia! Shusha sampu leo.

noah_ya_kimara
Tumeshusha jana. Ilibidi injini iinuliwe kidogo kwa winchi ndipo sampu itoke, kazi ya nusu siku. (Wenye SR50, ya 4WD, mna difu ya mbele ya kuhangaika nayo pia.) Strena imejaa vipande vya silikoni ya kijivu, ile ya kubandikia sampu, na kaboni kavu kama masizi ya sufuria. Zaidi ya nusu ya wavu umezibwa. Bigi endi ya tatu imeliwa hadi shaba inaonekana. Nyingine tatu zimechoka lakini bado. Krenki imepimwa kwa maikromita pale namba tatu, haijaliwa upande, ina mikwaruzo midogo, ikapigwa msasa laini wa oili. Nimefunga beringi za bigi endi zote nne saizi ya kawaida, strena mpya, filta, oili 20W-50. Pampu nimeipima nafasi, ipo ndani ya kipimo, nimeirudisha na sili mpya na belti mpya. Meini, beringi zinazoshika krenki kwenye bloku, sijagusa. Jumla na ufundi imefika laki sita na themanini.

Geji sasa: sailensa 11, mizunguko 3,000 inasoma 44 na inakaa.

mtaa_wa_meru
Oili hiyo imwage mapema, kilomita 500 tu, ukate na filta uangalie ndani. Ile shaba ya namba tatu ilikwenda mahali.

grogan_boy
Na meini ukiziacha, usishangae mwakani. Lakini kwa hiyo pesa ningefanya hivyo hivyo.

Mzigo Mzito
Laki sita na themanini. Dawa ni elfu kumi na tano.

Mzee Kipara
Swali moja tu. Silikoni hiyo nani aliipaka nyingi hivyo?

noah_ya_kimara
Sampu ilishushwa mara moja tu tangu ninunue, mwaka juzi, ilikuwa inavuja. Aliyeibandika ndiye huyo wa injini ya milioni 2.3. Jana kanipigia kuuliza kama bado naihitaji.