Naomba ushauri: GPS ya mkononi ya porini Chunya na ziwani Matema, nichukue ipi?

Mtoto wa Isyesye

Habari za jioni wakuu, na kamwene kwa wa Iringa na Njombe. Mi niko Mbeya mjini, ni fundi wa kuchomelea, ila kila msimu ukifunguliwa nakata kibali naenda na mjomba upande wa Chunya kuwinda kanga na kwale, miezi mingine nashuka Matema kuvua na shemeji yangu ambaye ana boti ya injini.

Sasa mwaka jana tulipotea. Tulifuata kundi la kanga tukawa tunageuka geuka, miti yote inafanana, kuja kushtuka jua linazama na simu yangu ilishazima tangu saa kumi. Tumelala porini na nusu lita ya maji na mjomba ana sukari, ule usiku sitausahau, nilikuwa namwamsha kila saa nione kama anaitika. Asubuhi tulivyotoka kumbe gari lilikuwa haliko mbali hata kidogo.

Kwa iyo nimeamua kununua GPS kamili, kile kifaa cha kukuonyesha ulipo kwa setilaiti. Bajeti laki sita, nikijibana saba. Dukani wananipa Garmin eTrex 22x, wengine wanasema ongeza hela chukua 32x, na kuna jamaa anauza GPSMAP 64s iliyotumika. Tofauti hasa ni nini? Na je ziwani itanionyesha samaki walipo?

Kijana wa Mafinga

Pole sana mkuu, hasa kwa mzee. Mi ningesema usitumie laki sita kwanza. GPS ya simu haihitaji mtandao, inasoma setilaiti moja kwa moja, watu wengi hawajui hilo. Pakua OsmAnd au Organic Maps ukiwa na waifai nyumbani, shusha ramani ya Tanzania, ukifika porini zima data, beba pawabenki. Mi nazunguka mashamba ya miti Sao Hill hivyo na narudi vizuri.

Mzee wa Nyayo

Kijana wa Mafinga hujakosea, ila mashamba ya miti yana barabara kila upande, pori la Chunya halina. Nimefanya kazi ya kufuata nyayo kwenye kambi za uwindaji Rungwa miaka mingi na simu nimeziona zikifa: joto, vumbi, imeanguka kwenye jiwe kioo kimepasuka tachi haifanyi kazi basi umebaki na kipande cha bati. Simu iwe ya akiba.

Sasa nikujibu mwanangu. eTrex 22x na 32x ni ndugu. Skrini inchi 2.2 zote, memori GB 8 zote na sehemu ya memori kadi, betri mbili za AA zinakwenda kama masaa 25. Tofauti ni kwamba 32x ina dira ya umeme na kipimo cha mgandamizo wa hewa, 22x haina. Watu wanaona ni kitu kidogo lakini hapo ndo pa kuangalia, kwa sababu GPS isiyo na dira inajua unaelekea wapi pale tu unapotembea. Ukisimama mshale unabaki popote. Na mtu aliyepotea anafanya nini? Anasimama, anageuka, anatafuta. Akianza kutembea ili mshale ukae sawa anakuwa anatembea gizani kwenye miiba. Ongeza hela upate dira. Ila uipange upya kila ukibadilisha betri, na ukiisoma usiisogeze karibu na mtutu wa bunduki, chuma kinaivuta.

64s nayo ina dira na kipimo hicho hicho, skrini kubwa kidogo inchi 2.6, na kile kipembe juu ni antena, kwenye majani mazito na mabonde inashika setilaiti vizuri kuliko eTrex. Betri ndo inakula zaidi, masaa 16. Zote tatu ni za vitufe sio za tachi, na jua likiwa kali ndo unaziona vizuri zaidi, tofauti na simu.

Halafu mwanangu, kifaa chochote utakachochukua, kabla hujashuka kwenye gari subiri ishike setilaiti, weka pointi uiite GARI, na uache irekodi njia mwanzo mpaka mwisho. Na ingiza mipaka ya hifadhi kutoka ofisi ya wanyamapori unapokatia kibali, maana Chunya kuna hifadhi za Piti na Lukwati na porini hakuna uzio wa kukuambia umevuka.

Mwana wa Itungi

Ndaga mzee kwa maelezo. Mi niongelee ziwa. Samaki haitakuonyesha kaka, hiyo ni kazi ya mashine ya sauti inayoshushwa majini, kitu kingine kabisa. GPS inakurudisha pale ulipopata samaki jana, au pale nyavu zako zilipo, na usiku inakurudisha ufukweni.

Unalotakiwa kujua ni kwamba eTrex na 64s zinazama. Wanaandika IPX7, maana yake inavumilia maji mita moja kwa nusu saa, na Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 na kitu. Ile inayoelea ni GPSMAP 78, ilitengenezwa kwa ajili ya boti. Kama hununui hiyo funga kamba na kipande cha boya, usiseme nitashika vizuri, mikono ya samaki inateleza. Mi yangu ya kwanza iko chini huko.

Kingine, Matema milima ya Livingstone imesimama pale pale, upande wa mashariki inaziba anga, kwa iyo ukiwa karibu na ukuta wa mlima usomaji unaweza kuyumba, jipe nafasi. Kuna ukurasa wa jua na mwezi pia, sisi wa dagaa tunautumia sana kupanga siku za giza. Na kile kipimo cha mgandamizo wa hewa, namba ya mgandamizo ikishuka haraka geuza boti, usisubiri kuuona upepo.

Mpima wa Ilula

Naongeza moja linalowaumiza wengi. Ramani zetu za karatasi za 1:50,000 zimechorwa kwa Arc 1960, GPS inatoka kiwandani na WGS 84, hiyo ni misingi miwili tofauti ya kupimia mahali. Usipobadilisha kwenye setingi pointi inahama kama mita 300, na kwenye kichaka mita 300 ni kupotea tena. Mbeya yote iko zoni 36 kusini ya UTM, yaani vile vipande vya dunia vinavyotumika kwenye namba za ramani, huku Ilula tumekaa pale pale zoni 36 inapokutana na 37, angalia ukija. Mkitumiana pointi na mjomba kubalianeni muundo mmoja, 8.456 sio sawa na nyuzi 8 dakika 45.6. Na usisahau S ya kusini, ukiweka N ya kaskazini unapelekwa huko upande wa Sudan Kusini na Ethiopia.

Mtoto wa Isyesye

Wazee wangu nimesoma yote mara mbili, asanteni mno. Dira lazima, hilo nimelielewa kabisa maana ule usiku tulisimama kweli tukawa tunazunguka. Naelekea kwenye 64s ya yule jamaa, naiangalia Jumamosi Mwanjelwa. Niikagueje?

Mzee wa Nyayo

Nenda na betri zako mpya. Fungua nyuma uangalie kutu kwenye chuma za betri, bonyeza kila kitufe, toka nje kabisa sio chini ya bati la kibanda, subiri ishike setilaiti uone na tarehe iko sawa. Weka pointi pale pale, tembea mpaka mbali, rudi ukifuata mshale. Ukifika ulipoanzia lipa. Halafu mfundishe na mjomba kuitumia, siku nyingine wewe ndo unaweza kuwa umeumia.